Zinaongea na Nani?

Kwenye kaunta ya vifaa vya simu, kauli inayosikika kuliko zote si "punguza bei". Ni "nimejaribu kila kitu". Mteja huitamka huku akiweka juu ya kioo kikasha cheupe cha iafoni zisizo na waya, akikifungua kwa kidole gumba, na kabla hujamkaribisha ameshaongeza: "Hazisomi." Niliizoea kauli hiyo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nilipokuwa namsaidia mjomba wangu dukani baada ya kidato cha sita nikisubiri chuo, na baadaye kila likizo. Mjomba hakuwahi kubishana nayo. Aliijibu kwa swali, kwa sauti ileile ya mtu anayekuuliza habari za nyumbani: "Sawa, kaka. Kwani mara ya mwisho zilikuwa zinaongea na nani?"

Wengi walicheka. Wengine walinuna, wakidhani wanazungushwa na muuzaji asiyetaka kurudisha hela. Lakini swali lile lilikuwa zaidi ya nusu ya ufundi wake. Iafoni hizi zina tabia ambayo kijikaratasi cha ndani ya boksi, chenye herufi za kusomwa kwa lenzi, hakiielezi: ukizitoa kwenye kikasha hazikai kumsubiri mwenye nazo. Zinaamka, zinaitafuta simu ambayo ziliachana nayo mwisho, na zikiipata katika umbali wa mita 10 hivi zinaishika. Zikishaishika, nyingi huacha kujitangaza kwa simu nyingine. Mteja anafungua orodha ya Bluetooth, anaona televisheni ya jirani, spika ya baa ya chini, redio ya gari linalopita, anaona kila jina isipokuwa la iafoni zake. Anaamini zimekufa. Kumbe ziko hai, zina mazungumzo mengine.

Duka letu lenyewe lilikuwa mtego. Kila iafoni iliyouzwa ilijaribiwa kwanza mbele ya mteja kwa simu ya duka, simu kuukuu iliyopasuka kioo ambayo kazi yake ilikuwa hiyo tu. Mteja anasikia wimbo, anaridhika, analipa, anaondoka. Tuseme ni kijana wa bodaboda. Nyumbani akizitoa, hazina simu ya duka karibu, kwa hiyo zinajitangaza na simu yake inazipata vizuri. Siku mbili tatu baadaye kipande kimoja kinakwama kidogo, anarudi kulalamika. Anasimama palepale, anafungua kikasha, na iafoni zinakutana na simu ya duka iliyojilaza chini ya kaunta ikiziita. Sauti ya dada iliyorekodiwa kiwandani inamwambia sikioni kwa Kiingereza kwamba zimeunganishwa, na simu iliyo mkononi mwake inamwambia haijaona chochote. Hapo mtu ana haki ya kufikiria uchawi.

Mjomba alikuwa na desturi moja. Kabla hajamjibu mtu yeyote, mkono wake wa kushoto uliingia chini ya kaunta na kuzima Bluetooth ya simu ile. Baadhi ya matengenezo yaliishia hapohapo, mteja akiwa bado anasimulia. Hakuwahi kutoza kwa hilo. Kulikuwa na vibanda vya jirani vilivyotoza, tena kwa kuita neno zito la "kuflashi", lakini hiyo ni biashara ya watu.

Kesi iliyonifurahisha zaidi ililetwa na mwanafunzi wa hosteli za Mabibo. Alisema usiku, akiwa kitandani na iafoni masikioni, muziki wake ulikatika, kimya kidogo, halafu akaanza kusikia mtu akihubiri. Alizivua, akazivaa tena, mahubiri yakaendelea kwa nguvu. Alikuja mchana uliofuata akiwa na uso wa mtu aliyeamua kuzigawa. Mjomba akamuuliza nani mwingine chumbani anazo namba zake, akimaanisha nani aliwahi kuziunganisha na simu yake. Ikajulikana kuwa mwenzake wa chumba aliziazima siku za nyuma kwa ajili ya mazoezi. Simu ya mwenye iafoni ilizima chaji usiku ule, zikabaki hazina wa kuongea naye, na simu ya mwenzake, iliyokuwa imewashwa ikicheza mahubiri ya usiku, ikazipokea. Yule mwenzake naye alishangaa mbona spika yake imenyamaza. Walilala wote wawili wakiwa na mashaka.

Sina hakika kama Mjomba aliwahi kusoma popote kinachotokea ndani ya vifaa hivi. Mimi nilikuja kusoma baadaye, na nilikuta alikuwa amekielewa bila maneno ya kitabuni. Simu na iafoni zinapokutana mara ya kwanza zinatengeneza ufunguo wa siri, tarakimu ndefu ambazo hakuna binadamu anayeziona, na kila upande unatunza nakala yake. Siku zinazofuata hazianzi utambulisho upya. Zinathibitishiana kwamba kila mmoja bado ana ufunguo ule, kisha kazi inaendelea. Ndiyo maana kuunganisha mara ya pili ni haraka kuliko mara ya kwanza.

Tatizo linazaliwa pale upande mmoja unaposahau. Mtoto amechezea kitufe cha kikasha mpaka taa zikamulika kwa namna isiyo ya kawaida, au iafoni zimeazimwa na watu wengi mpaka nafasi yao ndogo ya kukumbuka ikajaa na simu ya zamani ikafutwa kupisha mpya. Simu yako haijui hayo. Bado ina jina la iafoni kwenye orodha, ukiligusa inajaribu, kiduara kinazunguka, inashindwa. Unajaribu tena. Ni kama mpangaji aliyebadilishiwa kitasa akiwa kazini, kila jioni anachomeka ufunguo uleule na kuulaumu mlango. Unaweza kuzima na kuwasha Bluetooth mpaka usiku wa manane. Unachofanya ni kuuchomoa ufunguo wa zamani na kuuchomeka tena.

Dawa ni kufuta pande zote mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wanafuta upande mmoja. Kwenye simu unaingia mipangilio, unaigusa iafoni, unachagua "Sahau". Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kuzirudisha iafoni zenyewe kwenye hali ya kiwandani: vipande vyote viwili ndani ya kikasha, kifuniko wazi, kisha kubonyeza na kushikilia kitufe cha kikasha mpaka taa ibadilike. Zisizo na kitufe, unashikilia vidole juu ya vipande vyote viwili kwa pamoja. Muda wa kushikilia unatofautiana kwa kila aina, na hapo kile kijikaratasi cha herufi ndogo kinastahili heshima yake. Unafunga kifuniko, unasubiri kidogo, unafungua, unatafuta upya. Na kabla ya kutafuta, simu nyingine zote zilizowahi kuzishika ziwe zimezimwa Bluetooth, la sivyo zitazidaka tena kabla yako.

"Futa huku, futa kule, halafu watambulishe," ndivyo Mjomba alivyokuwa akiniagiza akiwa na mteja mwingine.

Kuna kitu nilikiona upesi kuhusu ile "nimejaribu kila kitu". Ukimuuliza mtu taratibu, "Ulianza na nini? Halafu?", unakuta kila kitu ni vitu viwili, vimerudiwa mara nyingi kwa hasira inayoongezeka. Sisemi hivyo kwa dharau. Chombo kinapogoma, mkono unarudi kwenye kitufe unachokijua. Mjomba hakumsahihisha mteja. Alimwacha asimulie mpaka mwisho, na katika kusimulia, mteja mwenyewe angetaja lile tukio dogo ambalo hakulihesabu: "Ila juzi mdogo wangu alizichukua akaangalia mpira." Basi. Hapo Mjomba angenyanyua kichwa.

Jambo jingine alilonifundisha, na hili hakulisema kwa mdomo, ni kupima kwa msalaba. Chini ya kaunta, kando ya simu ya duka, kulikuwa na iafoni za duka, zilizochakaa lakini zinazofanya kazi bila shaka yoyote. Iafoni za mteja zilijaribiwa kwenye simu ya duka. Kisha iafoni za duka zilijaribiwa kwenye simu ya mteja. Dakika chache tu, na ulikuwa unajua ugonjwa uko upande gani. Iafoni za mteja zikiimba kwenye simu yetu na zetu zikiimba kwenye simu yake, basi vyombo vyote ni vizima, kilichoharibika ni kumbukumbu iliyo kati yao, na tunarudi kwenye kufuta.

Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mbagala. Alikuwa ameshanunua iafoni mara mbili, sehemu mbili tofauti, zote "mbovu". Mjomba akajaribu zote mbili kwenye simu ya duka, zikaimba. Akachukua simu ya mwalimu, akagusa alama ya Bluetooth. Inawaka, inazima yenyewe. Hakusema lolote kuhusu iafoni tena. Akauliza, "Na Wi-Fi je, mwalimu?" Mwalimu akasema Wi-Fi haitumii, hivyo hajui. Tukaigusa, nayo ikakataa kuwaka. Simu ile iliwahi kudumbukia kwenye ndoo, ikaanikwa, ikapona kila kitu isipokuwa hicho. Katika simu nyingi kazi hizo mbili ziko kwenye kipande kimoja cha umeme, kwa hiyo mara nyingi zinaugua pamoja. Iafoni tatu, kumi, mia, zisingesaidia. Mwalimu aliulizia bei ya kutengeneza, akaisikia, akaamua kununua iafoni za waya. Nilimwona ni mtu mwenye hesabu nzuri.

Yupo dada mmoja aliyefanya kazi ofisi za mjini, naye nilimhurumia. Kabla ya kuja kwetu alipitia kwa fundi aliyekimbilia kile kipengele cha kuweka upya mipangilio yote ya mtandao. Kweli, kinafuta funguo zote za Bluetooth, na iafoni zake zikashika. Lakini kinafuta pia kila nenosiri la Wi-Fi simu iliyowahi kulikumbuka: la ofisini, la nyumbani, la kwa dada yake Arusha. Aliporudi kazini hakuwa na intaneti, na aliyekuwa anazijua tarakimu za ofisini alikuwa likizo. Alikuja kwetu kutuuliza kama manenosiri hayo yanaweza kurudi. Hayarudi. Mjomba alikiita kipengele kile "kuchoma shamba ili kumtoa sungura", na nilipoanza kukigusa kwenye simu za watu alinipiga jicho moja lililotosha.

Chuki yake kubwa ilikuwa kwa mtu anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo. Anariseti iafoni, anazima na kuwasha simu, anafanya sasisho, anahama chumba, anachaji kikasha, kisha anakuja na furaha kwamba zimekubali. Mpaka wiki ijayo zinapogoma tena, naye hajui kati ya vile vitano ni kipi kilichoponya, analazimika kuvifanya vyote upya. Nimekuja kufanya kazi ya kuhariri maandishi ya watu, na ugonjwa huu nimeukuta huko pia: makala haisomeki, mwandishi anabadilisha mwanzo, mwisho, kichwa na nafsi, anairudisha, na ninyi wawili hamjui tena ilikuwa inaumwa wapi.

Mambo mengine hayahitaji falsafa yoyote. Iafoni mpya huletwa na kinailoni chembamba kimebandikwa kwenye vile vitone vya chuma vya kuchajia, ili betri isiishe ikiwa ghalani. Usipokibandua, hazichaji kamwe. Watu wengi kuliko unavyodhani waliletewa zawadi iliyokuwa imekufa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya kinailoni hicho. Na zilizozeeka, vitone hivyohivyo hufunikwa na nta ya sikio na vumbi la mfukoni: kipande kimoja kinachaji, cha pili kinabaki na sifuri, mteja anasema cha kushoto hakisomi. Pamba na tone la spiriti vinatosha. Mjomba alifanya kazi hiyo akiwa amegeukia ukutani, kwa adabu, ili mteja asione kilichotoka.

Hiyo ya upande mmoja ilikuwa na sura nyingine pia. Kwenye aina nyingi za bei nafuu, simu inaongea na kipande kimoja tu, nacho kinapokea sauti na kumpelekea mwenzake. Vipande viwili hivi navyo vina utambulisho wao, na ukivunjika, simu inaonesha majina mawili, moja lenye L na moja lenye R, kila kimoja kikijiuza kivyake. Mteja anachagua kimoja, anasikia sikio moja. Hapo simu haina kosa. Unaifanya ivisahau vyote viwili, unaviweka kikashani, unaviriseti pamoja, unaviacha vikutane vyenyewe kwanza, vikae kidogo mpaka taa ya kimoja itulie, ndipo unavitafuta kwenye simu. Watu hawapendi kusubiri hapo. Wanawahi kugusa simu, vinatengana tena.

Na kuna ile ya kuungana bila sauti. Simu inaandika kwamba zimeshika, muziki unatokea kwenye spika. Ukifungua maelezo ya kifaa unakuta vitufe viwili, kimoja cha simu za kupigwa na kimoja cha muziki na video, kwa sababu hizo ni njia mbili tofauti, na cha pili kimezimwa na kidole cha mtu asiyejulikana. Unakiwasha. Mteja anauliza kwa nini viwepo viwili. Nilikuwa najibu kwamba waliotengeneza walikuwa na sababu zao, na bado nadhani ni jibu zuri kwa foleni ya Jumamosi.

Waliotengeneza Bluetooth yenyewe walikuwa wahandisi wa kampuni ya Ericsson, mji wa Lund kule Sweden, walioanza kazi hiyo mwaka 1994 wakitaka kuondoa nyaya kati ya vifaa vinavyokaa karibu. Mwaka 1998 waliungana na Intel, Nokia, IBM na Toshiba ili mfumo uwe wa wote, na jina wakalichukua kwa mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Bluetooth. Alama tunayoigusa kwenye simu ni herufi mbili za kale za jina lake zilizolalianishwa. Nilipomsimulia Mjomba aliuliza kama mfalme huyo alikuwa mtu wa mapatano. Nikamwambia anakumbukwa kwa kuwaunganisha watu wake. Akasema basi jina linafaa, ila hawakusema aliwachanganyaje waliokwisha kuapa kwa mfalme mwingine.

Namba za matoleo ya Bluetooth zilikuwa balaa jingine. Wauzaji walipenda kusema: iafoni hizi ni 5.3, simu yako ni 4.2, haziwezi kuelewana, nunua simu. Kwa iafoni za kawaida tulizouza hiyo si kweli. Matoleo mapya yalitengenezwa yaelewane na ya nyuma. Unakosa nyongeza za toleo jipya, lakini muziki unausikia. Mtu akikuuzia simu kwa sababu ya desimali, kaa chini kwanza, kunywa maji.

Desimali hazikuwa na kosa pia kwenye lalamiko la sauti kukatakata, ambalo lilianza kuwa kubwa zaidi baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Apple walitoa iPhone 7 isiyo na tundu la iafoni, na siku hiyohiyo wakatangaza AirPods. Haikuchukua muda viigizo vyake vikajaa Aggrey, na wateja wakaanza kuviita vyote AirPods, hata vile ambavyo Apple hawajawahi kuviota. Ndani ya basi lililojaa kutoka Kimara, kila mtu wa tatu ana kitu sikioni, vyote vinatumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi na hata oveni za maikrowevu. Bluetooth inajiokoa kwa kurukaruka: imegawanya nafasi yake katika mikondo 79, na inahama kutoka mmoja kwenda mwingine hadi mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa iliyojaa. Inafanya vizuri ajabu. Lakini haiwezi kuupita mwili wako kirahisi, maana masafa hayo yanamezwa na maji na mwili wa mtu ni maji mengi. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kulia na kipande kinachopokea kiko sikio la kushoto, njia yote imejaa wewe. Nilipowaambia wateja wahamishie simu mfuko wa shati, walinitazama kama ninayewapa dawa ya mitishamba. Walirudi kushukuru.

Ufundi wote huo ulikuja kupimwa sawasawa pale ambapo sikuweza kuona wala kugusa chochote. Mama yangu yuko Morogoro. Nilimpelekea iafoni ili apumzishe mkono, maana simu zake na dada zake huanza na salamu na kuishia kwenye historia ya ukoo. Baada ya muda akanipigia: zimekufa, na asitumiwe nyingine, ni hela za bure. Nikamwambia tuanze taratibu. Kwanza ilibidi tukubaliane kwamba asikate simu anapoingia kwenye mipangilio, kwamba nitabaki naye hewani. Hilo peke yake lilikuwa na mjadala.

"Mama, ukizifungua zinasema nini?"

"Zinasema kile Kiingereza chao."

"Kinachosema zimeunganishwa, au kile kingine kirefu?"

"Kifupi. Kama zimefika."

Kifupi ndicho nilichokitaka. Iafoni zisizopata mtu husema zinatafuta. Zake zilisema zimepata. Nikamuuliza nani mwingine yuko nyumbani. Wajukuu wapo, akajibu, wameletwa likizo, wako nje wanacheza. Na kile kishikwambi chao cha katuni?

"Kimo chumbani kwangu, chini ya mto. Nimewanyang'anya."

"Mama, iafoni zako zinaongea na kishikwambi."

Kimya. Kisha nikasikia kitanda kikilia, mto ukihamishwa, na mama akisema kwa sauti ya mbali, sikujua kama ni kwangu au kwa wajukuu dirishani, kwamba nyumba hii sasa hakuna kitu cha mtu binafsi. Tulizima Bluetooth ya kishikwambi. Nikamwambia azirudishe kikashani, afunge, ahesabu mpaka kumi, afungue. Alihesabu kwa sauti. Alipofika saba akasita kuuliza kama ahesabu haraka au polepole. Alipofungua, sauti yake ikabadilika katikati ya sentensi, ikawa karibu zaidi, na mimi nikasikia kuku wa jirani yake waziwazi, maana sasa alikuwa anaongea kupitia kipaza sauti cha iafoni.

Hatukufuta chochote upande wowote. Hakukuwa na haja, na nilijizuia kwa makusudi. Kijana wa Aggrey ndani yangu alikuwa anataka kuriseti kila kitu ili kuwa salama, lakini kuriseti kwa simu, na mtu ambaye yuko mkoani na miwani yake haionekani, ni kumwachia kazi ambayo ikikwama katikati huwezi kuimalizia.

Si kila kesi ilikuwa na dawa. Betri za vipande hivi ni ndogo mno, na kila betri ya lithiamu inazeeka kwa kuchajiwa. Baada ya miaka miwili mitatu ya matumizi ya kila siku zinaanza kuzima katikati ya wimbo, na mara nyingi kile kipande kilichokuwa kinafanya kazi ya kupokea ndicho kinachotangulia. Mwili wake umegandishwa kwa gundi, hakuna skrubu. Mjomba aliwahi kukifungua kimoja kwa wembe kwa udadisi, akakifunga kwa heshima, akatangaza kwamba duka halitengenezi ndani. Mteja aliyeletewa habari hiyo aliambiwa waziwazi, na hakuuziwa mpya mpaka aombe mwenyewe.

Mteja ninayemkumbuka kwa furaha kuliko wote ni mzee wa Ilala aliyekuja na simu ya kawaida yenye redio na iafoni zisizo na waya alizonunuliwa na mwanawe. Nilimwamkia, akaitikia, akaeleza kwamba iafoni zinashika vizuri, muziki anausikia, mwanawe akipiga anamsikia, lakini akifungua redio apate matangazo ya mpira, simu inamwandikia achomeke iafoni. Na iafoni anazo, ziko masikioni! Alikuwa ameshaiambia simu hivyo mara kadhaa.

Nilijaribu msalaba wetu wote. Kila kitu kizima. Mjomba aliyekuwa akihesabu hela aliacha kuhesabu, akavuta droo ya takataka, akatoa iafoni za waya zilizokufa pande zote mbili, za kutupwa, akachomeka kwenye tundu la simu. Akafungua redio. Mtangazaji akalipuka kutoka kwenye spika ya simu, dakika ya sabini na kitu, mpira uko kona. Simu ile haikuwa inatafuta masikio; ilikuwa inatafuta waya, kwa sababu redio ya FM ya simu hutumia waya wa iafoni kama antena, na iafoni zisizo na waya, hata ziwe za bei gani, antena hiyo hazina.

Mzee alisikiliza kona ile mpaka ikaokolewa. Kisha akauliza zile zilizokufa ni shilingi ngapi. Mjomba akamwambia azichukue tu, ni takataka. Akazikunja vizuri, akazitia mfuko wa kanzu, akaaga, akafika mlangoni, akarudi kuuliza kama droo ile ina nyingine mbovu kama hizo kwa ajili ya simu ya mkewe.